Hitma ya Jini wa Nyakabanda

Majuzi nilialikwa katika shule moja hapa Kigali kuzungumza na wanafunzi waliosoma riwaya yangu. Ni riwaya ya majini. Mji umevunjwa na vita, watu wamekimbia, na waliobaki ni majini na mizimu wanaoendeleza shughuli za wenye nyumba: wanachota maji, wanapika, wanasutana uani. Binti mmoja wa mstari wa mbele akataka kujua wale wahusika niliwatoa wapi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba ni ubunifu tu, nikanywa maji, nikaendelea. Nilipotoka pale moyo ulinisuta. Uongo ule nimeusema miaka mingi, na wewe rafiki yangu angalau nikuambie ukweli. Wahusika wale sikuwabuni mimi. Walikuwa majirani zetu wa mtaa wa Nyakabanda, na aliyewageuza majini alikuwa fundi cherehani.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwa sababu mama alikuwa ameolewa Bujumbura. Uani kwetu kulikuwa na vyumba sita vilivyozunguka kiwanja cha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha kiwanja kile kiligeuka tope la kuvulia viatu, na likipiga jua kilinukia vizuri mpaka leo nakitamani. Asubuhi niliamshwa na mtwangio wa sombe, majani ya muhogo, na harufu ya mkaa unaokataa kuwaka. Kazi yangu ilikuwa kupepea jiko, kuchambua maharage na kwenda kununua maziwa kwa chupa, na njiani kurudi nilikuwa nayapunguza kidogo. Bibi alilijua hilo. Aliniambia ng'ombe wa siku hizi wanakamuliwa hewa.

Fundi alikaa barazani na cherehani yake, mkono wa kushoto wa mlango. Alikuwa mwembamba, mpole, na kigugumizi chake kilikuwa cha kuchosha, maana neno moja aliweza kulipigania mpaka mteja akasahau alichouliza. Lakini akishika kalamu hakuna kilichomkwamisha. Kati ya suruali na suruali alikuwa akiandika hadithi ndefu kwenye daftari za shule, sisi tulisema kaye, na kila alipojaza kurasa kumi hivi aliniita nizisome kwa sauti. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amenifundisha Kiswahili cha kusoma kwa kiboko, kwa hiyo nilisoma bila kuteleza. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, cherehani ilifunikwa kitambaa, majirani wakaleta mikeka na viti vya miguu mitatu, Bibi akateleka chai ya tangawizi, nami nikasoma.

Haikuchukua muda watu wakajitambua. Bibi alikuwa jini mwanamke ambaye moto wake haujazimika tangu mji uvunjwe, na kila roho iliyopotea ilifuata moshi wake. Jirani muuza mkaa alikuwa malkia wa majini, akipima roho kwenye mizani ile ile aliyotupunjia sisi. Yeye alifurahi sana, ila alilalamika kwamba malkia mzima hawezi kupewa sura moja tu, na Ijumaa iliyofuata alimletea fundi nusu gunia la mkaa bila kusema ni la nini. Akaongezewa sura mbili. Mwalimu wa chuo naye alipewa kwato za mbuzi. Alisusa. Alisema yeye ni mtu wa kuheshimiwa, hawezi kutembezwa Nyakabanda na miguu ya mnyama, na wanafunzi wake wameanza kumtazama miguuni. Fundi akamvalisha viatu vyeusi vya ngozi katika sura iliyofuata, na amani ikarudi, ingawa sisi watoto tulijua ndani ya viatu kuna nini.

Kulikuwa na mhusika mmoja ambaye hakuna aliyemtaja kwa jina lake halisi. Alikuwa jini kijana anayepita kwenye kuta, akiwapelekea wazazi salamu za watoto wao, na suruali yake mguu mmoja ilikuwa imekunjwa mpaka chini ya goti, kama mtu anayeogopa mnyororo wa baiskeli. Uani kwetu kila mtu alimjua. Alikuwa mjomba wangu, kijana wa mwisho wa Bibi, ambaye hakuwahi kuikunjua suruali ile hata siku ya Idi.

Mjomba alitoweka mwishoni mwa mwaka 1990, vita vilipoanza kule mpakani. Hakuaga. Siku hizo kijana akitoweka, mkuu wa seli, yaani kiongozi wa serikali mtaani, alitaka kujua amekwenda wapi, na familia ikionekana imempeleka mtoto kwa waasi, ilikuwa ni jela au zaidi ya jela. Bibi alimwambia kila aliyeuliza kwamba kijana amekwenda Dar es Salaam kununua vitenge. Alisema hivyo mwaka wa kwanza, akasema hivyo mwaka wa pili. Vitenge gani vinanunuliwa miaka miwili, hakuna aliyeuliza. Sisi tulijua hana habari yoyote. Hakuweza kusema mwanawe yu hai, kwa sababu angeulizwa yuko wapi, na hakuweza kusema amekufa, kwa sababu angeulizwa amefia wapi. Hata kulia ilibidi aseme ni moshi.

Basi katika kaye ya sita fundi akamuua. Soko la mji lilikuwa likiungua, jini kijana akapita kwenye ukuta wa moto kumtoa mtoto, mtoto akatoka, yeye hakutoka. Nilisoma mpaka mwisho wa ukurasa, nikaiweka kaye mapajani. Fundi alikuwa ametazama chini. Baadaye alisema kwa shida kwamba alitaka kumfufua katika kaye ya saba, maana majini wanafufuka, alitaka tu watu wangoje kwa hamu. Lilikuwa kosa la mwandishi mwenye furaha, na mimi nimelifanya mara nyingi tangu hapo.

Bibi alinyanyuka, akaenda kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa, akarudi.

"Huyu kijana ya kitabu, alikufa siku gani?" aliniuliza.

Nikatazama. Fundi alikuwa ameandika Alhamisi.

"Basi tutamusomea," Bibi akasema.

Kwa ambaye hajaishi na Waislamu, hitma ni hivi: mtu akifa, watu hukusanyika kumsomea Kurani yote. Kuna sanduku la msikitini lenye juzuu thelathini, kila moja kijitabu chake, na kila msomaji huchukua moja. Wote husoma kwa pamoja, kila mtu yake, mvumo wao ni kama wa nyuki mzingani, na kwa muda mfupi Kurani nzima imekwisha. Halafu dua, halafu pilau. Lakini hitma ya jini, tena jini wa kaye, hakuna aliyewahi kuiona. Mwalimu wa chuo alikataa palepale. Alisema dini si mchezo wa barazani, na alisema kweli.

"Mutu ya kitabu haiko na roho, mukecuru. Hiyo dua itaenda kwa nani?"

"Wewe soma tu, Mwarimu," Bibi akamjibu. "Mungu iko anajua itaenda kwa nani."

Mwalimu alimtazama mama yule mzee. Kisha akavua kofia, akaivaa tena, akasema sanduku atalileta mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata pilau ilipikwa kwa sufuria mbili. Muuza mkaa alileta mkaa wake, na safari hii alipima vizuri. Wanawake walikaanga vitunguu mpaka mtaa mzima ukajua kuna jambo, na hapo ndipo tulipokosea, maana kitunguu hakifichi siri. Wasomaji walikuwa wengi kiasi kwamba juzuu zote zilipata watu, mimi nikapewa ile ya mwisho ya sura fupi, ya watoto. Chai ilikuwa bado moto tulipomaliza. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi akilia mbele za watu bila kusingizia moshi, na wanawake wakamshika mikono, wakampa pole, pole nyingi mno kwa ajili ya jini.

Tulikuwa tunaanza kula mkuu wa seli alipoingia. Hakuwa amealikwa. Alisimama katikati ya uani akauliza nani amekufa.

"Ni jini, muyobozi," muuza mkaa akamwambia. "Jini ya fundi."

Alidhani anachezewa. Fundi akajaribu kueleza, na kwa hofu maneno yakamgoma kabisa, akabaki akionyesha kaye kwa kidole. Mkuu wa seli akaichukua, akaifungua pale penye alama, akanipa. Akaniamuru nisome.

Nataka uelewe hofu ile. Mkuu wa seli alikuwa amekua na mjomba wangu. Walicheza mpira timu moja. Ule mstari wa suruali iliyokunjwa ungetosha, angejua tunamlilia nani, na angejua kwamba habari ya Dar es Salaam ni uongo. Bibi aliweka kijiko chini. Mimi nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye suruali, nikamvika jini yule kanzu. Nikampa ndevu nyeupe na bakora, nikamfanya mzee wa miaka mia tatu anayekohoa moshi, na nikaendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa bila kuinua macho, huku kidole changu kikipita juu ya maneno mengine kabisa. Sikujua kama ninayo hadithi kichwani mpaka siku ile nilipoihitaji.

Mkuu wa seli alicheka. Alisema watu wa Nyakabanda wameishiwa na kazi, akaketi, akala sahani mbili, akasifu viungo. Alipoondoka fundi alinishika bega. Bibi naye jioni ile alinipa ukoko wote wa pilau, ambao kwetu ulikuwa wa mwenye nyumba.

Siku chache baadaye fundi alikuja kumwomba ruhusa. Kaye ya saba ilikuwa tayari, alitaka kumfufua kijana. Bibi akamwambia amwache. Alisema akirudishwa na kalamu, yeye atazoea kumsubiri kitabuni, na mwanawe anayemsubiri ana miguu ya kurudia. Fundi akazichana kurasa zile mbele yake.

Mwezi wa Aprili 1994 sitausimulia hapa. Wengine wameusimulia, na mimi niliuona kwa upenyo wa mlango tu. Nitakachosema ni kwamba mji wa kwenye kaye, ule uliovunjwa na kubaki na roho zinazotafuta moshi wa jiko, tuliamka tukajikuta tunaishi ndani yake, na fundi alikuwa ameuandika wakati nyumba zote bado zimesimama. Alitoka kutafuta maji, hakurudi. Kaye zake zilikwenda na cherehani, sijui nani alizichukua. Bibi aliugua mwezi wa Mei, hapakuwa na dawa, na mimi na mwanamke mmoja wa chumba cha pili tulimzika nyuma ya jiko. Hakusomewa. Nani angesoma, na nani angethubutu kukaanga kitunguu?

Mjomba alirudi mwezi wa Julai. Aliingia uani kwa miguu, amekonda, amevaa magwanda, akamwita mama yake. Nilimwonyesha nyuma ya jiko. Alikaa pale mpaka jua likazunguka. Baadaye nilimsimulia mambo ya jini, pilau na mkuu wa seli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia, halafu akaniuliza ni nani na nani walikuja kumsomea.

Kwetu aliyefiwa hupita nyumba kwa nyumba kuwashukuru waliokuja. Bibi hakuweza kupita, maana angepita kushukuru kwa ajili ya nani? Mjomba akasema atapita yeye. Aliyesomewa atajishukuria mwenyewe. Tukatoka asubuhi, mimi mbele kwa kuwa nilizikumbuka nyumba. Kwa muuza mkaa mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na kitu, hata mizani. Nyumba ya jirani yake ilikuwa imeungua. Iliyofuata walikuwamo watu wengine, wageni, wakatuambia hawajui lolote. Wengine walikuwa wameuawa, wengine walikuwa wamevuka kwenda Zaire, na kwenye nyumba nyingi hapakuwa na wa kutuambia ni lipi kati ya hayo. Mjomba alibisha hodi kila nyumba, hata ile isiyokuwa na mlango. Alisimama, akasema asante, akaendelea. Nikawa namtajia kila mmoja kwa jina lake la kwenye kaye, kwa sababu majina yale niliyasoma kwa sauti miaka mitatu na yalikuja mdomoni kwanza. Ndivyo nilivyowahifadhi, na ndivyo walivyo kwenye riwaya yangu hadi leo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu wa chuo. Tulibisha, na yeye akafungua. Alikuwa peke yake. Alimtazama Mjomba juu mpaka chini, mtu aliyemsomea kwa kinywa chake mwenyewe, akamshika uso kwa viganja viwili. Kisha akaingia ndani akatoka na lile sanduku, akaliweka mkekani, akatuambia tukae, tuwasomee wenzetu wote na Bibi miongoni mwao.

Juzuu zilikuwamo zote thelathini. Tukagawana kumi kumi.