Furaha ya Lazima ya Mama Rihab

Inatangazwa kwa wakazi wote wa jengo letu hapa mjini Mahalla, wa juu na wa chini, pamoja na njiwa wa paani, kwamba kuanzia kumi hili la mwisho la Ramadhani, Bi Wagida, yaani Mama Rihab, atakuwa na furaha. Uamuzi umepitishwa na bintiye. Mwenyewe hakuulizwa.

Mumewe, Mzee Shahata, alifariki wakati wa baridi. Na kwetu nyumba yenye msiba haioki kahki Idi ya kwanza. Biskuti hizo za samli na sukari ya unga zitaokwa kila mlango isipokuwa wako; wewe unaletewa sahani, unakaa na nguo nyeusi, unashukuru. Sasa kamwambie hivyo mwanamke ambaye tangu aolewe amekuwa akizifinya nakshi kwa koleo lake dogo la shaba, mpaka watu wa mtaa wa pili wakaapa kwamba ana mashine. Mwaka huu mikono yake ilikaa mapajani kama wageni waliosahauliwa sebuleni.

Rihab anaishi Kairo. Kazini kwake walimpeleka semina ya siku moja, akarudi anaijua huzuni yote, mzizi hadi tawi. Kila asubuhi akawa anapiga simu.

"Mama, ukiamka tu, kunywa glasi ya maji ya uvuguvugu."

"Rihab, tumefunga."

"Basi nawa nayo uso."

Kesho yake ikawa zamu ya kutembea. Mama Rihab akatoka kwenda hadi kona tu. Kila mlango ulimsimamisha kumpa pole, na alipofika kwa muuza nyama, bwana yule akamkumbuka marehemu mama yake mwenyewe, akaanza kulia juu ya mizani. Ikabidi mjane ambembeleze. Aliondoka nyumbani na msiba mmoja, akarudi na miwili.

"Basi jitabasamie kwenye kioo, mama."

"Nimejaribu. Yule wa ndani naye kanipa pole."

"Mama, na wewe jitahidi basi. Fungua dirisha, vuta pumzi ndefu. Polepole. Unasikia nini moyoni?"

Akafungua, akavuta pumzi. Harufu ya jengo zima ikamwingia puani.

"Nasikia Fawqiya anaunguza samli," akasema, akakata simu.

Fawqiya ni wifi yake, dada wa marehemu, anakaa chini yake, na ndiye aliyejipa kazi ya kulinda msiba. Mama Rihab akashuka, akabisha hodi. Fawqiya alipofungua mlango na kuona koleo la shaba, akaweka mkono kiunoni.

"Unakwenda wapi na hilo, wifi? Ndugu yangu hata mwaka hajamaliza. Watu watasema umemsahau."

"Na wewe uliyezaliwa naye tumbo moja, mbona unaoka?"

"Mimi nimeolewa. Nyumba hii ni ya mume wangu, na mume wangu hana msiba."

"Samli nayo ni yake?"

"Ni yake."

"Unga?"

"Wake pia."

"Basi mimi siko kwangu, wala hapa hapana kitu changu. Sogea, wifi, kabla hujaaibisha ukoo."

Fawqiya hakusogea. Ila nyuma yake bakuli lilionekana, na ndani yake kitu kilichofanana na mchanga wa ujenzi. Wote wawili wakakitazama.

"Kila nikizungusha zinapasuka," Fawqiya akasema, sauti imeshuka. "Angekuwepo Shahata angezila hivyo hivyo. Alipenda zilizovunjika."

"Nilikuwa namvunjia mimi."

Fawqiya akasogea.

Habari katika jengo letu haihitaji lifti, na ni bahati, maana lifti haijawahi kupona. Kufikia alasiri wanawake walipanga foleni ngazini na mabakuli, kila mmoja akidai kwamba kaja kusalimia. Mama Rihab alikanda, akafinya, akatukana unga wa huyu na vidole vya yule. Trei zikabebwa vichwani hadi tanuri la mtaani, na hakuna hata moja iliyotoka nyumba ya msiba. Sheria ilitimizwa herufi kwa herufi.

Rihab alifika siku ya mwisho ya mfungo. Akamkuta mama yake kwa Fawqiya, unga hadi kwenye nyusi, anamgombeza mke wa imamu kwa sababu ya ufuta. Machozi yakamlenga.

"Nilijua tu," akasema, akamkumbatia. "Zoezi la pumzi, sivyo? Mama, niambie kweli. Huzuni imeisha?"

Mama Rihab akachungulia ndani ya bakuli.

"Huzuni ipo," akasema. "Iliyoisha ni sukari ya unga. Kalete."