Kila Nikijifungua Naandikwa Mgeni Kazini

Admin, jina langu usilitaje hata kwa bahati mbaya, maana ninayemsema anasoma ukurasa huu kila siku. Nina miaka 36, watoto watatu, mwenyeji wa Haneti, naishi Dodoma mjini na mume wangu. Ni kibarua kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti.

Jamani, wivu unaniua. Kuna rafiki yangu, tumwite Neema. Mimi ndiye niliyempeleka kwa bosi, nikamfundisha kazi yote, kuanzia kupepeta mbegu mpaka kufunga madumu. Leo malipo yake yamenipita mbali! Kisa? Kwetu kibarua akienda kujifungua, akirudi anaandikwa mgeni na kulipwa kama mgeni. Mimi tangu nimlete Neema nimekuwa mgeni mara tatu. Yeye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo miaka yake haijakatika. Siku ya malipo ananinunulia soda, nacheka naye, kumbe roho inaniuma.

Sasa msimamizi wetu anaacha kazi, na bosi kasema nafasi ni ya Neema, atamthibitisha mwisho wa mwezi.

Juzi wakati wa kutoa mashudu ya moto, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, Neema akatoka mbio kwenda kutapika. Nikamfuata nyuma ya ghala, namkuta anatafuna udongo. Nikamwambia, "Wee! Una mimba?" Akanikumbatia analia. "Shoga, maombi yako yamejibiwa. Ila nifichie mpaka nithibitishwe, wakijua sasa hivi nimekwisha."

Ni kweli nilimwombea, hadi kufunga nilifunga naye. Lakini moyo wangu ukasema, na yeye aonje! Aandikwe mgeni aone inavyouma. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe.

Jana bosi akaniita. "Mama, mwenzako simwelewi siku hizi. Anaumwa nini? Maana akishindwa yeye, nafasi nakupa wewe." Nikamjibu, "Bosi, nipe mpaka Jumatatu nimuulize."

Kutoka nje, Neema huyo. "Kakuitia mimi?" Nikamwambia hapana, ni mambo ya madumu. Akashusha pumzi, akasema mtoto akiwa wa kike atampa jina langu. Jina langu! Mwenzenu jina nitakula?

Nikisema, napanda mimi, na yeye anaanza upya na kichanga mgongoni. Nikinyamaza, niliyemfundisha kazi ndiye atakayenituma. Jumatatu ni kesho kutwa na ulimi unaniwasha. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?