Bolti Iliyotuchelewesha Kipili

Desemba iliyopita nilirudi Sumbawanga kumwona mama, na gari langu likaanza kupiga kelele ya chuma kila nilipokanyaga breki. Mwingine angelipeleka kwa fundi yakaisha. Mimi nimekulia kwenye ua ambao gari lilitengenezwa palepale, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo, kwa hiyo niliazima jeki kwa jirani mwenye duka la vipuri, nikang'oa tairi la mbele, nikajifunga kanga kuukuu na kuinama. Kuna bolti mbili zinazoshika kile chuma kinachobana pedi za breki. Ya kwanza ilitoka bila shida. Ya pili ikagoma. Nilivuta spana kwa mikono miwili, na hapo, rafiki yangu, nikamkumbuka baba. Nilikuwa sijashika bolti iliyoganda tangu nikiwa darasa la tano.

Baba alikuwa na pikapu ya bluu, imechoka, mlango mmoja unafungwa kwa kamba ya katani. Wakati wa mavuno alibebea watu mahindi kutoka Kasense, na mara mojamoja alishuka nayo hadi Kipili, ziwani, akarudi na dagaa. Kama umewahi kutoka huku kwetu juu kwenda ziwani utaelewa kwa nini alikuwa mkali kwa habari ya breki. Barabara inashuka na kushuka, kona juu ya kona, na gari lisilosimama huko ni jeneza. Breki zake hakumwachia fundi yeyote. Alizifungua mwenyewe Jumamosi, na mshika spana wake nilikuwa mimi, mtoto wake wa kwanza. Majirani walisema msichana hafai kunuka grisi. Baba aliwaambia grisi hutoka kwa sabuni.

Babu yake alikuwa mfua chuma, katika wale wazee waliolifahamu jiwe la chuma na moto wake, na baba alirithi mivukuto midogo ya ngozi ya mbuzi, ya kupulizia moto, pamoja na adabu zote za kazi ile. Karibu na chuma kilichoganda hapagombwi wala hapatukanwi. Mama akianza kunisema kuhusu vyombo vilivyolala bila kuoshwa, baba aliinua mkono tu, na mama, ambaye hakumwogopa mtu, alinyamaza. Bolti yenye kutu hakuipiga nyundo. Aliidondoshea mafuta ya taa asubuhi na jioni, wiki nzima ikibidi. "Iache inywe," alikuwa akisema. Ikishakunywa aliitia joto la makaa kwa ile mivukuto, akaigonga polepole, ikafunguka. Mafundi wa mjini walimcheka sana kwa hayo, lakini mpaka nafika darasa la tano sikuwa nimemwona hata siku moja akikata bolti.

Mwaka ninaousema, bibi, mama yake baba, alikuwa amekwenda Kipili kwa shangazi yangu aliyekuwa amejifungua. Bibi alikuwa mtu wa baridi. Alivaa masweta mawili, akaota moto jikoni huku anakoroga uji wa ulezi, na ukilalamika kuwa asubuhi maji yanauma mikono, alikuuliza kama ungependa akupeleke ziwani ukaive. Aliondoka nyumbani akilaumu joto hata kabla hajaliona. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye, kwa hiyo alipoondoka kitanda kilikuwa kikubwa mno na sikupenda.

Mwezi wa sita baba aliinua pikapu juu ya mawe. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha kabisa, na bolti zimeshikwa na kutu. Yeye alikuwa anashinda shambani kuvuna, basi akanikabidhi chupa ya mafuta ya taa na bomba la kalamu la kudondoshea. Asubuhi kabla ya shule, na jioni. Nilijiona mtu mkubwa. Siku ya pili tukaruka kamba uani na mtoto wa jirani, nikaiangusha chupa, ikavunjika juu ya jiwe. Mafuta yote yakanywewa na udongo.

Ningesema, ningechapwa fimbo mbili na mama, nikalia, tukala ugali, yakaisha. Sikusema. Nilifukia vigae nyuma ya choo, nikaenda jikoni kwenye dumu la alizeti. Nilikuwa na sababu zangu. Miezi michache nyuma bangili ya shaba ilimbana bibi mkononi mpaka ngozi ikavimba, akajipaka mafuta ya alizeti, ikateleza ikatoka. Kichwani kwangu mafuta yalikuwa mafuta. Nikajaza chupa nyingine, na wiki nzima nikazidondoshea bolti alizeti, asubuhi na jioni, kwa uaminifu kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote. Wewe uliyewahi kusugua kikaango unaujua ule utando wa kahawia, mgumu kama gundi, ambao mafuta huuacha yakikaukia kwenye chuma. Mimi niliujua pia, maana nilikuwa naosha vikaango kila siku. Sikuunganisha mambo hayo mawili.

Jumatatu gari la samaki lilisimama mbele ya nyumba. Dereva hakuzima hata injini. Alimwamkia baba kwa heshima, akasema, "Bibi hali chakula tangu juzi. Anasema mje na gari mumpandishe nyumbani. Joto la kule linamwonea. Anasema asizikwe kwenye mchanga." Baba alimshukuru, akamwuliza kama hali ni mbaya kweli. Dereva aliangalia usukani. "Msikawie, mzee," akasema.

Hapo ndipo ungesema baba apande gari lilelile la samaki. Baba zangu wakubwa na wadogo walilisema hilo miaka yote. Lakini gari lilikuwa linatoka ziwani, haliendi, na lingerudi baada ya siku tano. Tena bibi hakutaka mtu wa kumwangalia, alitaka kupandishwa kwao, amelala. Mama alishaanza kuweka godoro, blanketi na yale masweta mawili karibu na pikapu. Baba akasema bolti zimeshakunywa wiki nzima, kesho asubuhi tutakuwa njiani.

Bolti moja ilitoka jioni ile. Nyingine ilikataa. Kesho yake aliongezea spana bomba la chuma, likapinda. Akawasha makaa, akanipa mivukuto nipulize. Aliitia joto, akaigonga, akaitia joto tena, na kadiri alivyoipasha ndivyo ilivyozidi kushika, mpaka kichwa chake kikalika kikawa duara na spana haina pa kukamata. Mchana aliniambia niache mivukuto niende kuchota maji. Nilikwenda nimefurahi kuondoka. Njiani nilimwomba Bikira Maria bolti itoke, nikamwahidi rozari ishirini, ila sikumwahidi kwamba nitasema.

Jumatano baba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliazima msumeno wa chuma kwa jirani akaikata ile bolti, siku nzima, akipokezana na mama, na usiku akafunga pedi mpya na bolti nyingine. Alhamisi alfajiri tukashuka, godoro likiwa nyuma na mimi juu ya godoro.

Tulifika Kipili saa nane mchana. Bibi alikuwa amezikwa jana yake, maana kule joto halingoji. Shangazi alitoka kutupokea akiwa amejifunga kitambaa cheusi, akamwona baba, akakaa chini palepale njiani. Baba mkubwa alikuwa amekuja kwa mtumbwi kutoka Kabwe. Alimtazama baba mikono yake yenye masizi, akasema mbele ya watu wote, "Mama alikuwa anauliza kila gari linalopita kama ni la kwako. Umemwacha mchangani kwa sababu ya spana?"

Baba alijibu maneno mawili tu. "Bolti ilikataa."

Aliyarudia maneno hayohayo kwenye arobaini, kwenye harusi, kwenye kila kikao cha ukoo ambapo baba mkubwa alikunywa kidogo akaanza upya. Hakuongeza la tatu. Godoro lilirudi tupu, na mimi juu yake. Mama aliyakunjua yale masweta, akayafua, ingawa yalikuwa masafi, akayaanika kwenye kamba.

Huenda bolti ile ingekataa hata kwa mafuta ya taa. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana. Kuna siku naamini.

Leo ua ule hauna pikapu, iliuzwa vipande. Ulezi watu wanalima kidogo, na mivukuto ililiwa na panya darini. Baba naye tumemzika, mwaka wa pili huu, juu kwetu kwenye baridi, mahali ambapo mama yake alitaka kulala.

Desemba hiyo basi, nilipokuwa nimeinama nikipambana na bolti yangu, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Tafuta mafuta ya taa, mwanangu. Usiipake alizeti tu."

Spana ilinitoka mkononi. Nilimwuliza amejua lini.

"Siku ileile. Baba yako alipotia makaa, ua mzima ulinukia maandazi. Mimi nilitaka nikuite, akanikataza. Alisema, 'Huyu alikuwa analala kitanda kimoja na mama yangu. Akijua ni yeye, atavunjika. Acha waseme ni mimi.'" Aliokota kijiwe kwenye maharage akakitupa. "Alikuwa anangoja ukue useme mwenyewe, akwambie yameisha. Alikungoja sana, mama."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, mtu mzima mwenye watoto, na mama akaniacha nilie. Maana nilikumbuka wiki ya mwisho hospitalini. Nilikuwa namkanda miguu, imekuwa ya baridi, na wodi imetulia. Baba alifumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Huna neno la kuniambia, mama?" Nilidhani ni homa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi, miaka yote hiyo. Nikamvutia blanketi mpaka kifuani, nikamwambia, "Sina, baba. Pumzika."