Jiko la Mkaa Halilali Ndani

Mama yangu alikuwa mtunzaji wa nyumba ya mbao huko juu kwa vilima vya Ngong, ile ya kukodishia watu wa mjini wanaolipa ili wasikie baridi. Shule ilipofungwa Agosti nilitoka Noonkopir nikapanda kumsaidia, yaani kula chakula chake.

Mwenye nyumba alikuwa ameandika masharti ya usalama kwa Kizungu kigumu, akayabandika nyuma ya mlango. Wageni walitundika makoti juu yake. Basi nikachukua karatasi ya manila na kalamu nyekundu nikaandika yangu. Ukimaliza kupika, funga gesi pale kwa mtungi, usiiamini. Ngazi ikilowa, shika ukuta, aibu haivunji mguu. Jiko la mkaa halilali ndani, hata likiombewa.

Mama alisoma akashika kiuno. "Utanifukuzisha kazi. Toa hiyo ya mwisho, leo wanakuja watu wa kanisa."

"Si ndio maana nimeiandika."

Walikuja wamama wanane, wa kufunga kula siku tatu. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alisoma karatasi hadi mwisho bila kucheka. "Huyu mtoto ni wa nani?" Mama akaangalia viatu vyake.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi, upepo ukapenya katikati ya mbao. Saa nane mchana niliona jiko letu haliko nje.

"Mwenyekiti amelibeba," Mama akasema. "Lakini mkaa umeshika vizuri, hauna moshi."

Hapo ndipo watu hudanganyika. Mkaa ukishakuwa mwekundu bado unatoa sumu, haionekani wala hainuki. Mwalimu wa kemia alitufundisha, na kwa bahati siku hiyo sikuwa nimelala.

Nikakimbia nikabisha mlango wa chumba chao.

"Tuko kwa maombi," mwenyekiti akajibu.

"Mko na jiko?"

Sauti nyingine ikasema polepole, "Kichwa kinanigonga."

"Ni mfungo huo, dada," mwenyekiti akamwambia. "Vumilia, ndio mwili unashindwa."

Nikasukuma mlango. Madirisha yote yamefungwa, leso zimesokotwa kuziba nyufa, jiko limekaa katikati kama mhubiri. Watatu walikuwa wameegemea ukuta, macho yamefungwa. Nilidhani wamejazwa na Roho, mpaka mmoja akatapika.

"Tokeni nje," nikasema. "Nyote. Mungu yuko huko pia."

Mwenyekiti aliinuka anikemee, magoti yakakataa. Nikampa bega langu, akaliegemea na uzito wake wote na hasira yake yote. Wanne walijitoa wenyewe wakishika ukuta. Mama, aliyekuwa amenifuata, alifungua madirisha, akabeba jiko kwa gunia bichi akalitupa mvuani, kisha tukarudi kuwatoa wale watatu, mmoja mmoja, hadi kwenye nyasi. Mama akawahesabu mara mbili. Wanane, wote wakiwa na macho wazi. Akakimbia kwa jirani kuitisha pikapu iwapeleke dispensari.

Nikabaki nao peke yangu. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye matope na nguo yake nyeupe, mvua ikimchuruzika usoni. Alinitazama sana. Nikaweka shavu tayari.

"Sasa, msichana," akasema, "tufanye nini?"

"Vuteni pumzi."

Wakavuta, wamama wanane kama darasa la nasari, mimi nimesimama mbele yao nikihesabu kwa sauti.