Mwiko wa Msururu

Mimi nikiwa mtoto, kwa bibi yangu ilikuwa mwiko kutembea kwa msururu. Njia zetu za Ugogo ni nyembamba, miiba huku na huku, lakini sisi wajukuu zake tulitakiwa kwenda bega kwa bega. Sketi zikichanika, shauri yetu. Ukimuuliza sababu, jibu lilikuwa moja na kali: wa mwisho huchukuliwa. Na nani? Hasemi. Majirani walidai ni mizimu ya njia ya zamani ya misafara, ile inayopita nyuma ya korongo. Niliogopa mpaka nikawa situlii. Hata kwenye foleni ya uji shuleni nilikuwa nageukageuka kama mwizi.

Kiangazi kimoja kikali, mwalimu wetu mpya, kijana wa pwani mpole lakini mwenye haraka zake, alitupeleka kuchota maji kwenye visima vya mchangani kule korongoni. Kurudi akatupanga mstari mmoja, wakubwa mbele. Nikamwambia bibi amekataza. Akacheka, akasema hizo ni imani za kale, twendeni. Mdogo wangu Rebeka, aliyekuwa darasa la kwanza, ndiye akawa wa mwisho.

Tulipofika shuleni, Rebeka hayupo.

Bibi alipopata habari hakumtukana mtu, yeye ambaye kwa matusi hakuwa na mpinzani. Alitoka kichwa wazi, akaifuata ile njia akiita jina la mtoto, na kijiji kizima nyuma yake. Wazee wakanong'ona kwamba yametimia. Mimi nilikimbia huku nalia, maana niliamini kabisa kwamba mdogo wangu ameshakwenda.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipomkuta kando ya kichaka, amesinzia, mguu umevimba. Alichomwa na mwiba, akakaa auchomoe, akashindwa. Bibi akamuuliza kwa nini hakuita wenzake.

"Niliita," Rebeka akasema. "Hakuna aliyegeuka."

Bibi akaketi pale pale vumbini akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilitaka anyamaze haraka.

Jioni mwalimu alikuja kuomba radhi. Bibi akaitikia shikamoo yake, akampa kigoda, kisha akasema mbele yetu jambo ambalo hata baba yangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwa amelisikia. Mzimu hakuna. Mama yake yeye bibi hakuwa Mgogo. Aliletwa akiwa msichana kutoka magharibi, amefungwa kamba na wenzake katika msafara wa watumwa uliokuwa ukienda pwani. Alikuwa wa mwisho, na mbele yake kaka yake. Miguu ikamwoza, akashindwa kutembea, wakamfungua wakaendelea na safari. Alimwita kaka yake, lakini kaka hakuweza kugeuka, kamba ilikuwa shingoni. Wachunga ng'ombe wakamwokota, akakua, akaolewa huku huku.

Mwalimu akasema kwa upole, "Basi bibi, hapo ndipo alipoachiwa huru."

"Hakuachiwa, mwalimu," bibi akajibu. "Aliachwa."

Baba akainuka akaenda kuangalia ng'ombe, ambao walikuwa wameshafungiwa zamani.

Siku hizi nafanya kazi ofisini hapa Dodoma mjini, na mji umejaa watu wa kila upande. Wenzangu hunitania kwamba nina udaku wa balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa kila anayetoka Tabora au Kigoma nitamuuliza kwao hasa ni wapi, na kama babu zake walisimulia lolote. Wacha wanicheke. Shuleni tulifundishwa kwamba utumwa ulikomeshwa, na ni kweli, ila hakuna aliyefika huku kumwambia yule mama kwamba sasa anaweza kurudi. Na angerudi wapi? Jina la kijiji chao lilishamtoka kichwani.

Naamini huko magharibi upo ukoo unaohesabu kwamba binti yao alifia njiani. Hakufa. Alizeeka huku, akazaa, akazikwa na watu waliomlilia, na leo tumejaa tele. Natamani mno wajue. Sijui tu nimwambie nani.