Salopeti Kwenye Kamba

Nilikuwepo mwenyewe, wasomaji, sikusimuliwa na mtu. Ilikuwa uani kwa jirani yangu, hapa Manika, mtaa wa wachimbaji madini. Mwanafunzi wa saikolojia alikuja na daftari kuuliza akina mama wanavyovumilia msongo wa mawazo.

"Mama, mawazo ikikuzidi unafanyaka nini? Unasali, unalia, ao unazungumza na mutu?"

Jirani alikuwa anakamua salopeti, ile ovaroli ya kuchimbia mgodini. "Mi ninafula hii. Kila juma."

"Ni ya nani?"

"Ya bwana yangu, tata ya batoto. Shimo ilimufunika. Iko chini mule, habayamutosha inje."

"Sasa nguo inachafukaka wapi?"

"Haichafuke, mutoto yangu." Akaitundika kwenye kamba inayotazama barabara. "Benzake banapitaka hapa asubuhi. Bakiiona, banajua ningali ninangojea, banaenda kumuchimba. Siku nikiishusha, bataniletea matanga, na shimo bataiacha."

Mwanafunzi alitafuta kwenye karatasi mahali pa kuandika hayo, hakupata. Akafunga daftari, akainamisha kichwa. 

Nimetunga kitu kimoja tu, hayo ya mwanafunzi mwishoni: daftari hakulifunga wala kichwa hakukiinamisha. Aliweka alama kwenye kisanduku cha "kazi za nyumbani", akauliza swali lililofuata.