Taa ya Pikipiki ya Guka

Harufu ya grisi ikinipata hapa Ngoingwa, namkumbuka mama akifufua pikipiki ya jeshi ya guka, baba yake. Ilikuwa imekosa taa tu. Fundi wa Thika alimletea mpya, inang'aa. Mama akaikataa. "Hii si ya wakati wake. Baba atajua."

Siku moja nikiwa na mama kule Kimbo, Ruiru, niliona kuku amelalia mayai ndani ya taa kuukuu ya pikipiki. Nikakwangua kutu kwa ukucha, nikakuta rangi ya kijani ya jeshi. "Mami, ni hii!" Mwenye kuku alicheka, akahamishia mayai kwenye karai, akatukabidhi taa.

Guka, ambaye macho yake hayakuwa yakiona tena, aliipapasa polepole. Kisha akasimama wima, akampigia mama saluti.